Siku moja Bisoke: Mlima wa nchi mbili na mzigo wa wanaoupanda

Waswahili husema milima haikutani, binadamu hukutana. Anayeamka alfajiri Mudende, wilayani Rubavu, magharibi mwa Rwanda, huiona methali hiyo ikigeuzwa. Mawingu yakiruhusu, mbele yake husimama Karisimbi, mlima wa mita 4,507, mrefu kuliko yote nchini Rwanda. Upande wa Kongo huonekana Nyiragongo, na usiku ambapo volkano hiyo iko hai, moshi wake hupakwa rangi nyekundu. Karibu na Karisimbi, Mikeno na Bisoke zimesogeleana kama wanawake waliokaa kwenye benchi moja sokoni. Milima imekutana. Wanaosumbuka kukutana ni binadamu.

Kwa mfanyabiashara wa Mudende, mlima huo ni kitu cha kutazamwa tu, ili kujua kama mvua itanyesha kabla magunia ya viazi hayajafika barabarani. Udongo mweusi wa volkano hutoa viazi, maziwa na pareto. Bidhaa hizo huteremka hadi mjini Gisenyi, na sehemu yake huvuka kwenda Goma. Wapo watu, hata hivyo, wanaoutazama mlima huohuo kwa shabaha nyingine. Wanataka kuupanda, wafike juu, wapige picha, na jioni wawe wamerudi walale kitandani.

Safari ya namna hiyo, ya kundi na ya siku moja, imekuwa sehemu ya biashara ya eneo hili. Ni biashara yenye faida yake na hatari yake, nayo haina tofauti kubwa na ile ya kuvusha mzigo mpakani. Kila mara swali la kwanza ni lilelile: nani anabeba nini, na amevaa nini?

Kwa nini Bisoke

Kundi linaloondoka Mudende lingependa kupanda Karisimbi, kwa sababu ndiyo inayoonekana mlangoni. Lakini Karisimbi haipandwi kwa siku moja na mtu wa kawaida. Safari yake ni ya siku mbili, na wapandaji hulala kwenye mahema njiani, katika baridi ambayo mtu wa ufukwe wa Kivu hajawahi kuionja.

Bisoke ndiyo mlima wa siku moja. Kimo chake ni mita 3,711, na kileleni kuna kreta yenye ziwa. Mpaka wa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita hukohuko juu. Anayekaa ukingoni mwa ziwa hilo kula mkate wake anatazama maji ambayo ng'ambo yake ni nchi nyingine. Hakuna kizuizi, hakuna foleni, hakuna mhuri. Pamoja na hayo, hakuna anayeruhusiwa kuzunguka ziwa ateremkie upande wa pili.

Kutoka Mudende, kundi hushuka hadi barabara kuu ya Rubavu kwenda Musanze, hupita Bigogwe na Mukamira, kisha hupinda kuelekea Kinigi. Kutoka mjini Gisenyi hadi Musanze peke yake ni kilometa zipatazo 60. Wafanyabiashara wengi walilijua jina la Kinigi kabla ya kupaona, kwa sababu ni jina la aina ya kiazi kinachopendwa sana sokoni. Hapo Kinigi ndipo yalipo makao ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano, na wapandaji hutakiwa kufika saa moja asubuhi kwa ajili ya kupewa maelekezo na kupangiwa waongozaji.

Saa moja hiyo ni ya Rwanda na ya Goma. Kwa Uganda, Kenya na Tanzania ni saa mbili. Mfanyabiashara anayetoka Kisoro na kuvukia Cyanika hupata saa moja ya bure asubuhi, na jioni huilipa akirudi. Waliozoea mpaka huo hulijua jambo hili vizuri. Wanaosahau ni wale wanaokuja mara ya kwanza, wakapanga usafiri wa jioni kwa saa isiyo ya nchi waliyomo.

Lipo jambo jingine la kalenda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi za jamii, na asubuhi hiyo maduka hufungwa na magari hupungua barabarani. Kiongozi wa kundi asiyelijua hilo anaweza kujikuta na watu 12, hana basi wala chai. Na yeyote anayevuka kuingia Rwanda akumbuke kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu mwaka 2008. Chakula cha njiani kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki hubakia mpakani.

Njia inavyopanda

Safari huanza pembezoni mwa mashamba. Wapandaji hupita kwenye viazi na pareto hadi ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia nyati na wanyama wengine wasiingie kwenye mazao. Ukuta huo una historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, karibu hekta 10,000 za hifadhi zilikatwa zikawa mashamba ya pareto, na msitu ukasogea juu. Mtu anayetembea leo kwa nusu saa kati ya matuta anatembea mahali palipokuwa na miti mikubwa.

Baada ya ukuta, miguu hubadilika. Ardhi inakuwa tope, na tope la volkano likilowa hushika buti kama mdai. Mianzi hufuata, kisha miti ya hagenia yenye ndevu za kuvu na nyasi, halafu mimea ya ajabu ya milima mirefu: lobelia na senesio zinazosimama wima kama nguzo. Njiani yapo majani yanayowasha kupitia suruali nyembamba, ndiyo maana wenye uzoefu huvaa glavu na soksi ndefu hata jua likiwaka.

Kutoka mwanzo wa njia hadi kreta ni kupanda zaidi ya mita 1,000. Kwa kundi la kawaida ni kazi ya saa tatu hadi nne, na wengine huzidi hapo. Kushuka ni haraka zaidi lakini ndiko kunakoumiza magoti. Waongozaji na walinzi wenye bunduki husindikiza kundi, kwa kuwa msituni kuna nyati na tembo. Mara chache wapandaji hubahatika kuwaona sokwe wakubwa wa milimani wakikatiza njia, ingawa safari ya kwenda kuwaona sokwe ni nyingine na ada yake ni nyingine kabisa.

Katika kupanda huko ndipo kundi linapojulikana. Vijana huanza mbio, na baada ya saa moja huhema kama mvukuto. Mama aliyeanza polepole, aliyezoea kubeba ndoo ya maharage kutoka soko hadi soko, huwapita wakiwa wamekaa juu ya mzizi. Waongozaji wana desturi ya kumweka mbele aliye dhaifu, si nyuma. Akiwekwa nyuma, huachwa, hukata tamaa, na kila anapowafikia wenzake huwakuta wamekwisha kupumzika na wanaondoka. Yeye hapumziki kamwe. Akiwekwa mbele, kundi zima huenda kwa mwendo wake na hufika likiwa zima.

Baridi isiyoonekana kwenye picha

Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Maji ya Ziwa Kivu yako kwenye mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi kilele cha Bisoke ni tofauti ya mita zaidi ya 2,200, maana yake ni baridi ya nyuzi 14 zaidi. Mchana ambao Gisenyi ina nyuzi 24 na watu wanaogelea, kileleni zinaweza kubaki 10. Ongeza upepo, ongeza mvua, ongeza jasho lililolowesha fulana, na mwili huanza kupoteza joto kuliko unavyoweza kulitengeneza.

Hatari hiyo huwapata watu wa kawaida waliovaa vibaya. Suruali ya jinzi hunywa maji na kukaa na baridi mguuni siku nzima. Fulana ya pamba ni vivyo hivyo. Dalili ni rahisi kuzitambua kwa mwenye kuziangalia: mtu hutetemeka, kisha vidole vinakuwa vizito hata kufunga kamba ya kiatu hawezi. Baadaye hujikwaa, maneno yake hulegea kama ya mlevi, na hutaka kukaa chini asinzie. Akiacha kutetemeka kabla ya kupashwa joto, hali imekuwa mbaya zaidi, haijapungua. Dawa ni nguo kavu, kitu cha moto na kitamu cha kunywa, na kushuka. Ndivyo ilivyo pia kwa maumivu makali ya kichwa na kichefuchefu vinavyoletwa na kimo: anayezidiwa hashauriwi kujikaza, anateremshwa.

Mlima jirani unakumbuka bei ya kulipuuza jambo hilo. Februari 1908, mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein alikuwa akichunguza Karisimbi. Alikuwa mmoja wa wataalamu katika msafara mkubwa wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, uliovuka Afrika ya Kati mwaka 1907 na 1908. Wakiwa juu, dhoruba ya mvua ya mawe na theluji iliwakumba. Wapagazi, watu waliobeba mizigo ya msafara na wasiokuwa na mavazi ya baridi ile, walikaa chini wakashindwa kuinuka. Wapagazi 20 walikufa. Kirschstein alinusurika.

Sehemu ya mlima ilipotokea hayo huitwa Kreta ya Branca, kwa jina la mwanajiolojia wa Ujerumani. Ramani zina jina lake. Hazina jina la mpagazi hata mmoja.

Jina la Karisimbi lenyewe lina jambo la kuwaambia watu wa soko. Katika Kinyarwanda, isimbi ni ganda jeupe la baharini, na jina la mlima huhusishwa na weupe huo, kwa sababu kuna asubuhi ambapo kilele huamka kimefunikwa na mvua ya mawe au theluji. Makamusi ya Kiswahili yanalijua neno simbi kwa maana ya kauri, ganda lililotumika zamani kama fedha. Waganda hadi leo huita fedha ensimbi. Mlima unaotazamwa kutoka Mudende, basi, umevaa neno lilelile ambalo wafanyabiashara wa ng'ambo ya Virunga hulitumia kuhesabu mauzo.

Mistari iliyochorwa mbali

Wapagazi wale walipokufa, nchi tatu zilizotawala eneo hili zilikuwa bado hazijakubaliana mipaka. Ilikuwa mwaka 1910, mjini Brussels, ambapo Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza ziligawana milima. Mstari ulipitishwa kwenye vilele: Karisimbi na Bisoke zikawa za nchi mbili, Muhabura ikagawanywa, na Sabyinyo ikawa mahali ambapo Rwanda, Uganda na Kongo hukutana kwenye ncha moja.

Mstari huo umeamua mengi, hata maisha ya watafiti mashuhuri. Dian Fossey, Mmarekani aliyetumia maisha yake kuwachunguza sokwe, alianza kazi mwaka 1967 upande wa Kongo, Kabara, chini ya Mikeno. Machafuko yalimwondoa huko katikati ya mwaka huo. Alipitia Uganda, akaingia Rwanda, na tarehe 24 Septemba mwaka huohuo akafungua kituo kipya kwenye bonde kati ya Karisimbi na Bisoke. Aliunganisha majina ya milima hiyo miwili akakiita Karisoke. Aliuawa hapo Desemba 1985, na safari ya kwenda kaburini kwake ni nyingine ya siku moja ambayo makundi huifanya. Kwa lugha ya mpakani, mama yule alifungiwa kizuizi kimoja akazunguka hadi kingine. Sokwe aliowafuata walikuwa walewale, msitu ni uleule.

Mudende nayo ina kumbukumbu nzito kuliko hiyo. Mwaka 1984 Waadventista walifungua hapo chuo kikuu, ambacho mwaka 1994 kilisimama na baadaye kikahamia Kigali. Eneo hilo likawa kambi ya wakimbizi wa Kongo, wengi wao kutoka Masisi. Mwaka 1997 kambi ilishambuliwa mara mbili, mwezi Agosti na mwezi Desemba, na mamia ya wakimbizi wakauawa. Walionusurika walihamishiwa Gihembe, mbali na mpaka. Miaka hiyo msitu wa Virunga ulikuwa maficho ya watu wenye silaha, na hifadhi ilifungwa kwa wageni hadi mwaka 1999.

Mtu anayelalamika leo kwamba tope la Bisoke ni jingi afahamu kwamba ilipita miaka ambapo hakuna aliyepanda. Kundi la watu wasiojuana, wenye fimbo na mkate, kuweza kuingia msituni asubuhi na kutoka jioni ni bidhaa adimu. Upande wa pili wa mstari bidhaa hiyo imepotea tena. Nyiragongo ilikuwa mlima wa sifa, watu wakipanda kutoka Kibati kwenda kutazama ziwa la moto kileleni. Tarehe 22 Mei 2021 ulilipuka, lava ikashuka hadi ukingoni mwa Goma, na safari zikasimamishwa. Mwishoni mwa mwaka huo vita vya M23 vikarejea, Bunagana ikatekwa Juni 2022, na Goma Januari 2025. Wauzaji wa makaa, wabeba mizigo na wapishi wa mahema waliokuwa wakisubiri wageni Kibati walipoteza soko bila kosa lolote la kwao.

Mlima mdogo unaolisha mji

Wafanyabiashara wanaouliza kama mlima unaweza kuwa soko wanaweza kutazama mbali kidogo, Wales, nchini Uingereza. Mlima mrefu kuliko yote huko, Yr Wyddfa, ambao Waingereza huuita Snowdon, una mita 1,085. Ungewekwa kando ya Ziwa Kivu ukipimwa kutoka usawa wa bahari, kilele chake kingekuwa chini ya maji. Hata hivyo watu hufika huko kwa maelfu kila wikendi wakiwa makundi ya marafiki, ya makanisa, ya wafanyakazi wa ofisi moja, kwa safari za siku moja kama ile ya Bisoke.

Mji mdogo wa Llanberis ulio chini ya mlima huo unaishi kwa miguu yao. Wapandaji hununua chai asubuhi, buti na makoti wakigundua wamekuja bila, chakula kizito jioni, na kitanda wakichelewa. Treni ndogo imekuwa ikipanda hadi kileleni tangu mwaka 1896. Njia kuu za kupandia ni sita, na mabasi huzunguka mlima, hivyo kundi linaweza kupanda kwa upande mmoja na kushukia mwingine, likiacha fedha katika vijiji viwili badala ya kimoja.

Hilo la mwisho ndilo Virunga inalolikosa. Bisoke ina pande mbili, lakini anayepandia Rwanda hushukia Rwanda. Muhabura hupandwa kutoka Rwanda na hupandwa kutoka Uganda, kila kundi likirudi lilikotoka. Sabyinyo, mlima wa nchi tatu, hupandwa kutoka upande wa Uganda, na wapandaji husimama kwenye ncha wakicheka kwamba mguu mmoja uko Kongo na mwingine Rwanda, kisha hurudi kwa ngazi zilezile.

Si kwamba serikali hazijaandika makubaliano. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu ilizaliwa Gisenyi kwenyewe, mwaka 1976, na makao yake yakawekwa hapohapo. Tangu 2014, raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanaweza kuvuka kwa kitambulisho, na mgeni anaweza kuzunguka nchi hizo tatu kwa viza moja ya dola 100 kwa siku 90. Mwaka 2015, Rwanda, Uganda na Kongo zilitia saini mkataba wa kushirikiana katika uhifadhi na utalii wa Virunga. Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sokwe wa Virunga, ambao hesabu ya 2015 na 2016 iliwapata 604, huvuka mpaka bila karatasi na hulindwa na hifadhi tatu zinazogusana. Makubaliano yapo. Njia ya miguu inayoanzia nchi moja na kuishia nyingine bado.

Nani anapata nini

Kwa sasa faida ya siku moja Bisoke hukaa zaidi Kinigi na Musanze. Huko ndiko kuna hoteli, magari ya kukodi, waongozaji na vyama vya wapagazi, ambavyo baadhi ya wanachama wake walikuwa wawindaji haramu zamani. Serikali ya Rwanda hurudisha asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa jamii zinazozizunguka, kutoka asilimia 5 ilivyokuwa kabla ya 2017, na fedha hizo hujenga madarasa, zahanati na matangi ya maji.

Mudende, yenye mlima mlangoni, haina mlango wa mlima. Lakini biashara haisubiri mlango. Kundi la watu 15 linalolala eneo hili kabla ya safari linahitaji chakula cha jioni, na viazi viko hapa. Linahitaji maziwa na chai kabla ya mapambazuko, na maziwa yako hapa. Linahitaji makoti ya mvua, mabuti ya plastiki, soksi nzito, glavu za shambani na fimbo. Karibu vitu vyote hivyo vipo tayari kwenye masoko ya Rubavu, vikiuzwa kwa wakulima. Buti la kuchimbia viazi ndilo buti la Bisoke.

Kinachotakiwa ni kuvipanga viwe vya kukodishwa, vikiwa safi na vya saizi zote, na mtu wa kuvipokea jioni vikiwa na tope. Mgeni kutoka Kampala au Mwanza hanunui koti zito la kuvaa siku moja, lakini hukodi. Vilevile wafanyabiashara wa mpakani wenyewe ni soko. Vyama vyao vya kuweka na kukopa hufanya sherehe za mwisho wa mwaka, hukodi basi, hupika na kugawana. Kundi la watu waliozoea kuamka saa kumi alfajiri, kutembea na kungojeana, ni kundi la mlimani tayari.

Lakini faida hiyo ina sharti moja, lile lililoandikwa mwaka 1908. Katika kundi lolote wapo wanaolipa na wapo wanaobeba. Anayelipa huja na koti alilolinunua kwa ajili ya safari. Anayebeba anaweza kuja na shati alilolimia jana, kwa sababu amezoea mlima na hataki kukosa kibarua cha siku. Saa nane mchana mvua ya barafu ikianza kwenye ukingo wa kreta, mlima hauulizi nani mzoefu. Kundi lililopanga vizuri chakula, usafiri na picha, likasahau mgongo wa mpagazi, limepanga nusu ya safari.

Kundi lenye akili pia huweka saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, na huiheshimu hata kama ziwa limebaki mita 100 tu. Giza la ikweta huingia haraka, na msitu hausamehe taa ya simu iliyoisha chaji. Kugeuka si kushindwa. Mfanyabiashara anayerudisha mzigo nyumbani kwa sababu mpaka umefungwa hajafilisika, na mlima haufungwi milele.

Jioni, makundi hushuka yakiwa na rangi moja ya tope kutoka kiatu hadi goti, na huwezi tena kumtofautisha meneja na muuza nyanya. Watoto wa pembezoni mwa njia huwahesabu wanaochechemea. Fimbo hurudishwa, buti huoshwa, wapagazi hulipwa. Basi huteremka kuelekea Mukamira, na karibu na Mudende mawingu hufunguka kidogo, Karisimbi ikionekana nyeusi juu ya mashamba.

Kwa kundi linalojiandaa kwa Jumamosi ijayo, maswali ni mengi: ada ya hifadhi, gari, chakula, nani atapika. Yote ni ya lazima. Lakini la kuulizwa kwanza, kabla hata ya kukusanya michango, ni wapagazi wangapi watakuwepo na ni makoti mangapi yamekodishwa kwa ajili yao.